Saa za Kofia

Jumapili, 3 Machi 1996

Wiki mbili na siku moja. Mimi ni mke wa mtu! Sokoni bado nikiitwa "mama" nageuka kumtafuta anayeitwa. Leo kanisani Padri amehubiri juu ya jangwa na majaribu, vitambaa vya zambarau kila mahali, na mimi nimekaa upande wa akina mama na tabasamu lisilotaka kufungika. Mungu anisamehe. Nilijaribu kuwaza dhambi zangu, nikawaza mikono ya Kilian.

Kilian wangu ni rubani. Hakuna anayesoma hapa ila mimi, lakini napenda kuliona neno hilo limeandikwa. Rubani. Alisomea Nairobi, akarudi Mbinga kwao na kitabu chenye jalada jeusi ambamo kila saa aliyokaa angani imeandikwa. Kitabu cha saa. Sasa ana saa 186. Zikifika 200 kabla ya Aprili, kampuni mpya ya ndege ya Dar es Salaam itamchukua — siku hizi si serikali peke yake yenye ndege. Mkaguzi wa vitabu anakuja Songea Ijumaa ya tarehe 29. Tutahamia Dar! Mimi na yeye na masanduku mawili.

Tukitoka kanisani alinishika mkono, akanihamishia upande wake wa kulia. Hufanya hivyo kila mara. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kulia ndiko kwa heshima. Nani mwingine ana mume wa namna hii?

Jumanne, 5 Machi 1996

Leo nimeanza kazi! Mwandiko wake ni nyayo za kuku, wangu ulisifiwa na masista tangu kidato cha kwanza. Basi naandika mimi, yeye anaweka sahihi.

Nimegombana naye kidogo — ugomvi mtamu. Alikuwa angani na Kapteni Bernadi saa moja na nusu, akaniambia niandike saa moja na dakika tano. Nikasema mbona unajiibia? Akacheka, akapanga vikombe mezani na kunieleza.

Kapteni Bernadi ni rubani wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa, mtu mzima, anakaa nyumba ya wageni karibu na kiwanja cha nyasi. Anataka kuhuisha kibali chake cha kuruka ndani ya mawingu. Kwa hiyo anafanya mazoezi na kofia. Si kofia ya kawaida. Ina mdomo mrefu kama wa bata, inamziba asione nje kabisa, aone mishale ya mbele yake tu. Sasa mtu aliyezibwa macho angani anahitaji mwenzake wa kumwonea. Huyo ndiye rubani mwangalizi. Huyo ndiye Kilian! Wamekubaliana tangu chini kwamba kofia ikivaliwa, Kilian ndiye mwenye dhamana ya ndege, na saa hizo ni zake.

Lakini ni za kofia tu. Kupaa, si zake. Kutua, si zake. Kofia ikivuliwa hata kwa dakika kumi, kumi hizo zinakatwa. Jina la aliyezibwa liandikwe. Na Kapteni naye anaandika kitabu chake — vitabu viwili vikigombana, mkaguzi anavitupa vyote viwili. Tena mwangalizi awe na leseni hai na cheti cha afya, sawasawa na anayeendesha, maana yeye si abiria, yeye ndiye macho.

Nikaandika: saa moja, dakika tano. Kwa wino wa bluu. Nikaona wivu na Kapteni anayeangaliwa hivyo.

Jumatatu, 11 Machi 1996

Mvua, mvua, mvua. Ndege haijaruka tangu Alhamisi. Kilian anatembea sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ana 190 na kitu. Nami nimeambukizwa — nashona, naacha, naenda mlangoni kutazama mawingu, narudi.

Tumepata mchezo wetu. Angani, anayechukua usukani lazima aseme "Nimeshika." Mwenzake anaachia, anajibu "Umeshika." Asipojibu, mambo hayajakwisha, watu wawili wanaweza kuvutana usukani, au mbaya zaidi, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye kashika. Basi sasa nyumbani hakuna kitu kinachopita mkono hivi hivi. Ndoo ya maji: nimeshika, umeshika. Sufuria ya moto: nimeshika, umeshika. Asubuhi alinishika mimi kiunoni jikoni, akasema "Nimeshika," nikajibu kwa sauti ndogo — na Mama Tadea, mama mkwe wangu, alikuwa nyuma ya mlango na kuni! Akasema kizazi hiki kitamaliza miaka kinaapisha vyombo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 16 Machi 1996

Nimeruka!!

Kapteni Bernadi alikuwa na sanduku la makaratasi la kupeleka Liuli, kando ya ziwa, na mbingu zilifunguka. Alisema kwanza kwamba mke hana kazi kwenye ndege ya mazoezi. Halafu akanitazama, akasema maharusi wana ruhusa ya askofu, nikae nyuma nifunge mkanda na mdomo.

Sikujua kwamba kwetu ni pazuri hivi. Mashamba ya ngolo, yale mashimo wazee wetu waliyochimba milimani, kutoka juu ni sega la nyuki, tena mvua imejaza asali. Tukapita juu ya kijiji cha Ukata, vibati vinang'aa. Halafu milima ikaisha ghafla kama meza na ziwa likawa chini, kubwa, la bluu, halina mwisho. Nililia. Sioni aibu.

Juu ya ziwa Kapteni akavaa kofia. Tukageuza kuelekea Kihagara, maji mapana yakawa kushoto kwetu. Kilian amekaa kulia, mgongo wima, anatazama. Kazi yake yote ni kutazama. Nilitazama shingo yake akitazama.

Ndiyo maana niliona mimi. Kushoto, mbele kidogo, nguzo ya moshi imesimama juu ya maji. Nilidhani meli inaungua. Nikamngoja Kilian aseme. Akatazama kulia, akatazama mbele. Nguzo ikakua. Nikasema moshi, moshi! — kwa sauti ya mtu anayeona nyoka.

Akageuza kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega la kushoto. Ndipo akasema "Nimeshika," ndege ikalala kulia. Si moshi. Ni nkungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kwa mamilioni. Ukiingia katikati yao kioo kinakuwa uji. Tuligusa ukingo tu. Upande wa Kapteni kioo kilinyunyiziwa kama pilipili manga.

Kapteni alivua kofia, akafuta miwani. Akauliza taratibu.

"Uliona?"

"Niliona. Nilikuwa napima umbali."

Kapteni akasema haya, akavaa tena kofia.

Liuli tulishuka, tukakaa saa mbili. Recho, niliyekuwa naye bweni moja shuleni, alikuja kiwanjani mbio na kapu la usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu. Akampa Kilian mkono kwa upande wa kushoto. Mkono ukabaki hewani, Kilian anatazama ziwa. Recho akacheka, akasema shemeji anaringa, marubani hawasalimii walalahoi, Gaudiosa uliolewa na mtu au na mnara? Kilian aligeuka, akaomba radhi vizuri sana, akamwita dada. Tukala usipa na ugali, miguu majini. Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Nimeandika: saa moja, dakika ishirini.

Jumapili, 17 Machi 1996

Mwezi mmoja wa ndoa! Amenipa ua la kahawa kutoka shambani kwao — moja la mapema, jeupe, harufu kama jasmini.

Alikuwa anapima umbali. Rubani anajua zaidi kuliko abiria. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa na woga, na mwoga huona vingi.

Nimeamka mara tatu kuliwaza hilo. Basi.

Jumatano, 20 Machi 1996

Saa mbili kasoro robo za kofia leo. Zimefika 196! Nimechora nyota ndogo kwa penseli pembeni, nitaifuta.

Aliporudi nilimpa chai. Akaweka kikombe mezani. Meza haikuwepo — yaani ilikuwepo, ila kikombe aliweka nje ya ukingo, kushoto. Kikavunjika. Kile chenye maua, zawadi ya wanakwaya. Alisema usingizi. Mama Tadea akasema kikombe kimeona wivu. Mimi nilikusanya vipande. Sijui kwa nini sikusema kitu.

Jana tulipokuwa tunatoka sokoni nilijaribu kutembea upande wake wa kushoto. Hatua kumi. Akanitafuta kulia, akaita jina langu.

Ijumaa, 22 Machi 1996

Fomu ya mkaguzi imekuja na basi la Songea. Kilian yuko kiwanjani. Nimekaa kuijaza kwa furaha kabisa, kwa mwandiko wa masista. Jina. Namba ya leseni. Jumla ya saa. Halafu: cheti cha afya ya rubani, mwisho wa kutumika.

Nimefungua bahasha yake. Nimesoma. Nimeenda dirishani kwenye mwanga, nikasoma tena.

29 Februari 1996.

Tulifunga ndoa tarehe 17. Cheti kilikufa siku kumi na mbili baadaye. Saa zote nilizoandika mimi, kwa wino wa bluu, ni za Machi. Zote! Hakuna hata moja halali. Na za Kapteni je? Aliyezibwa macho bila mwangalizi halali, naye ameandika bure.

Nimerudisha karatasi ndani ya bahasha jinsi ilivyokuwa. Nimepika maharage. Nimeyaunguza.

Jumatatu, 25 Machi 1996

Nimeuliza. Siku tatu nilibeba jambo hili kama kaa la moto mdomoni. Leo Mama Tadea alipokwenda shambani nikaweka bahasha mezani mbele yake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema alikuwa aende Dar kupimwa wiki ile ile ya Februari. Lakini baba yangu, Mzee Urbani, alisema Kwaresima haina harusi, ama kabla ya Jumatano ya Majivu ama mwakani, binti yake hakai uchumba wa kuvuka mavuno. Na baada ya harusi bibi yangu akasema bwana arusi halali mbali na nyumba mpaka mwezi upite na tuwe tumekwenda kusalimia. Siku zikapita.

"Nilikuwa na safari mbili, Gau, ya Dar na ya altareni. Nikachagua wewe."

Mungu wangu. Miezi miwili iliyopita sentensi hiyo ningeishona kwenye kitambaa. Nimelia, nikamkumbatia, nikaomba radhi kwa ajili ya baba, kwa ajili ya bibi, kwa ajili ya Kwaresima yenyewe.

Halafu akasema, mdomo kwenye nywele zangu, mkaguzi haangalii tarehe, anaangalia jumla. Niandike tu tisini na saba badala ya tisini na sita. Karatasi atasema imebaki Dar. Akishaajiriwa atapimwa na kampuni.

Nikamwambia mwaka tisini na saba Februari haina tarehe 29.

Akaitazama karatasi. Akasema basi weka 28.

Sijaandika kitu. Nafasi ile ni nyeupe. Nilisema wino umeisha. Nimemdanganya mume wangu, wiki ya sita ya ndoa.

Jumatano, 27 Machi 1996

Amerudi na 199. Imebaki moja! Kapteni atampitia kesho saa nne, waruke saa moja ya mwisho, halafu wateremke Songea moja kwa moja, kesho kutwa wamkute mkaguzi. Alinibeba akanizungusha. Nikaomba aniteremshe.

Nje nilikuwa nimeanika mashati. Nikasema hebu mchezo. Ziba jicho moja, uhesabu mashati kwenye kamba. Akacheka, akaziba la kushoto, akasema sita. Sawa, sita.

Nikasema sasa la kulia.

Akasema nina utoto. Nikasema ndiyo, ziba. Akaziba. Upepo ulikuwa unayapiga yale mashati, weupe kwa weupe, jua kali. Akainamisha kichwa, akakirudisha, akahesabu upya.

"Manne," akasema.

Hakuuliza kama amepata. Alikaa kwenye kizingiti, akiwa bado ameziba, kama mtu aliyesahau mkono wake. Kisha akasema yote bila kunitazama. Tangu Krismasi. Kama mtu amepaka maziwa kwenye kioo. Kwanza pembeni, sasa mpaka katikati. La kulia zima kabisa, anasoma hata maandishi ya boksi la kiberiti. Hakumwambia mtu. Kupimwa ni kuambiwa, na kuambiwa ni kurudi kupalilia kahawa akiwa na leseni kabatini.

Akasema baba yangu alipoweka tarehe ile ya kabla ya Majivu, yeye alishukuru.

Alishukuru! Nilimwona kanisani siku ile anang'aa. Nimeiweka sura ile moyoni kama picha. Sasa nauliza — nusu ipi ya mng'ao ilikuwa yangu, na nusu ipi ilikuwa ya kuikwepa Dar? Nampenda. Nampenda mpaka mbavu zinauma. Nilimshika kichwa, nikambusu jicho lile. Ni zuri kabisa kwa nje, hiyo ndiyo hila yake.

Nikamwomba amwambie Kapteni. Akasema baada ya saa moja. Moja tu, Gau. Mwezi mzima tumeruka salama.

Nikamkumbusha nkungu. Akasema si uliona wewe?

Kesho sitakuwa kiti cha nyuma kumwonea.

Alhamisi, 28 Machi 1996

Saa nne na robo asubuhi. Naandika nimekalia kitanda, mlango nimeufunga kwa komeo. Kitabu cha saa kiko pajani pangu.

Kapteni Bernadi yuko sebuleni, anakunywa chai. Alikuja mapema, amenyoa, ana kofia ile ya mdomo wa bata kwapani. Mama Tadea alimwuliza kwa utani kama haogopi kufunikwa macho kule juu. Nilikuwa nakata mkate. Kapteni akacheka, akasema:

"Mama, mwanzo niliogopa. Siku hizi na huyu kijana nakaribia kusinzia."

Kisu kilinisimama mkononi. Nikamtazama Kilian. Kilian alitazama kikombe chake, amekishika kwa mikono miwili ili kisianguke.

Akaja chumbani kuchukua kitabu. Nilikuwa nimekitangulia. Alinyoosha mkono, nami nikakibana kifuani. Hatukuvutana. Nilisema tu, kwa sauti ndogo, ile ya jikoni:

"Nimeshika."

Hakujibu. Aliona sichezi. Akasema jina langu, lote, Gaudiosa, kama Padri siku ya ndoa. Akasema tukipoteza hili tunapoteza Dar. Nikasema najua. Akasema Kapteni naye atapoteza saa zake, atamchukia. Nikasema najua. Akatoka, akasimama nje ya mlango. Nikafunga.

Sasa ninaona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Viatu vya harusi, anavivaa kwa safari za muhimu. Haendi sebuleni, harudi ndani. Mawingu yanajikusanya upande wa Ukata, nayaona dirishani, watasema waharakishe. Mwandiko wangu leo ni nyayo za kuku, masista wangenipiga rula.

Kapteni anaita: Bwana Kilian, vipi, kitabu kimepotea?

Viatu havisogei.

Mama Tadea anasema maharusi waache, wanaagana.

Viatu vimesogea. Amegusa mlango, nadhani kwa paji la uso. Anazungumza kwenye ubao, taratibu, kwangu mimi tu.

"Umeshika."

Amesema! Ameachia. Ee Mungu, ameachia kweli, nasikia anavyopumua. Na sasa ndege ni yangu, na mimi kushusha sijui — nasema nini kwanza? Shikamoo Kapteni, halafu nini? Naanza na tarehe au naanza na jicho?

Kiti kimesogezwa sebuleni. Kapteni amesimama. Naondoa komeo